Apone kwanza ndo apate chumba?

SWALI: Shangazi shikamoo. Kaka angu ana ugonjwa wa akili mda mrefu, alikua kapanga chumba Chikongola, mwenye nyumba kamtoa sababu usiku anaongea peke yake majirani wakalalamika, saivi analala stendi. Baba mdogo anasema apelekwe Mirembe apone kwanza ndo tumtafutie chumba, wengine wanasema apelekwe shamba Nanyamba. Eti nje kuna nyumba za watu kama hawa, kweli?
Dada mtu, Mtwara mjini

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Zipo kweli. New York mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha mpango wa kuwapa watu wa hivyo waliokua wanalala barabarani chumba kwanza, hamna cha mpaka umeze dawa wala mpaka uache pombe, afu wahudumu wanawafata hukohuko nyumbani, na wengi wakatulia kwenye nyumba zao. Canada wakaujaribu miji mitano wakaona hivyohivyo. Sasa baba mdogo kaligeuza hili jambo, mtu analala stendi dawa ataweka wapi, kadi ya kliniki je, na usingizi atapata saa ngapi wakati kukosa usingizi tu kunatosha kuamsha ugonjwa?

Mirembe ni hospitali, akizidiwa apelekwe, ila akitulia watamrudisha kwenu na swali la chumba mtalikuta palepale.

Kwa hiyo mtengeneze wenyewe. Tafuteni chumba cha uani jirani na ndugu, mwenye nyumba msimfiche kitu, mwambieni hali ilivyo na mumpe namba ya mtu wa kumpigia hata saa nane usiku. Kodi ailipe ndugu mmoja moja kwa moja (najua wanataka ya miezi sita mkononi, hilo nalo balaa), changeni msimu wa korosho. Kama vidonge anasahau, muulizeni daktari pale Ligula kuhusu sindano ya kila mwezi, na afisa ustawi wa jamii wa manispaa mumuone mapema msingoje avuruge.

Nanyamba sio kubaya kama kuna wa kumleta kliniki, ila kumpeleka ili tu asionekane mjini hapana, na habari za kumfunga kamba msithubutu kabisa.

Afu mwanangu, barua yote sijaona mahali mmemuuliza yeye anataka kukaa wapi. Muulize siku katulia, na chumba mkakiangalie nae.