Hisa kwa wafanyakazi ili wasiondoke: niliyoyaona katika kampuni mbili

Mkuu, swali lako limenigusa. Unasema una kampuni ya watu 30, ndani ya mwaka mmoja mafundi wako watatu wazuri wameondoka, na sasa unafikiria kuwagawia waliobaki asilimia 10 ya hisa ili watulie. Unauliza kama itasaidia.

Mimi nimekuwa fundi wa aina hiyo. Nina miaka 22 katika kazi ya uchapaji, kampuni mbili tu, na zote mbili zilinipa hisa. Ya kwanza niliondoka na uchungu ambao mpaka leo haujaisha. Ya pili ndiyo niliyopo. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, univumilie.

Bosi wa kampuni ya kwanza alikuwa mtu mchangamfu, anajua jina lako na la mwanao, na haupiti mkutano bila kusema "sisi hapa ni familia". Niliamini, tena kwa moyo wote. Nimewahi kulala juu ya marobota ya karatasi siku tatu mfululizo ili oda ya vitabu vya shule itoke kwa wakati, na malipo ya saa za ziada sikudai. Nani anaidai familia yake? Mwaka wa nne tukaitwa ofisini mmoja mmoja, kila mtu akapewa bahasha yenye mkataba wa kurasa 11. Tumepewa hisa. Nilisaini palepale. Hakuna aliyetueleza hisa zile ni sehemu gani ya kampuni, zina thamani gani, wala nani atazinunua siku ukitaka kuziuza. Na mimi sikuuliza, kwa kuwa niliona kuuliza ni kama kumwambia mzee wa watu simwamini.

Baada ya hapo hakuna kilichobadilika. Jumatatu yake niliingia kazini nikiwa mwanahisa, na bado nilihitaji saini mbili ili nipewe kopo la wino. Mashine yangu ilikuwa inakula karatasi nyingi mno kabla rangi hazijakaa sawa. Nilijua shida iko wapi, roli moja (silinda ya wino) ilikuwa imechakaa. Nilisema mara ya kwanza, nikasema mara ya pili, kimya. Mara ya tatu sikusema.

Miaka mitatu baadaye kampuni ikauzwa. Habari nilizipata kwa mteja aliyekuja kuchukua kazi yake, akaniuliza hao wenye kampuni wapya ni watu wa namna gani. Nilimwangalia tu. Kumbe hisa zetu zilikuwa za daraja la mwisho: waliowekeza fedha kutoka nje walipaswa kulipwa kwanza, na walipomaliza kulipwa yalibaki makombo. Mimi nilipata kiasi kisichofika mshahara wa miezi miwili. Wenzetu waliokuwa wameshaacha kazi hawakupata kitu, kwa sababu ukurasa wa tisa ulisema ukiondoka hisa zinarudi kwa kampuni. Mkuu wa chumba cha mashine, aliyekaa pale miaka 17 na kunifundisha kazi tangu sijui hata kuchanganya wino, alisoma barua yake akiwa amesimama, akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mashine, akatoka. Vifaa vyake mwenyewe hakurudi kuvichukua.

Sidhani yule bosi alikuwa tapeli. Nadhani aliamini kweli kwamba bahasha ile ilitufanya tuwe wenye mali. Mtu huwa mwenye mali pale anapoijua mali yake ikoje leo, ikipata anajua imepata kwa nini, ikipotea anaulizwa tufanyeje. Sisi tulipewa jina la wenye mali, na mambo hayo yote yakabaki kwenye kabati la mhasibu.

Kosa hili limefanywa na wakubwa kuliko sisi. Mwaka 1994 shirika la ndege la United la Marekani liliwapa wafanyakazi wake asilimia 55 ya hisa, nao wakakubali kupunguziwa mishahara. Wahudumu wa ndani ya ndege walikataa kuingia kwenye mpango, kwa hiyo tangu mwanzo nyumba ilikuwa imegawanyika. Kiangazi cha 2000, marubani hao hao wenye hisa wakagomea saa za ziada wakidai mkataba mpya, na safari zikafutwa kwa wingi. Desemba 2002 shirika likakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Mashambulizi ya Septemba 2001 yaliliumiza sana, hilo sikatai. Lakini uhusiano wa wafanyakazi na uongozi ulikuwa umeshaoza kabla ya hapo, na asilimia 55 haikuuponya.

Sasa kampuni ya pili. Niliingia nikiwa mtu mgumu, nafanya kazi yangu nachukua changu, neno "familia" nikilisikia natoka nje. Mwenye kampuni alikuwa anakaribia kustaafu, watoto wake wana kazi nyingine, na hakutaka kuiuza kwa mtu ambaye angefunga karakana na kubaki na orodha ya wateja. Alisema anataka ibaki kwetu. Hisa hakutupa siku hiyo. Alituambia njooni Alhamisi saa nane, mashine zizimwe.

Alhamisi ile alikuwa amebandika karatasi kubwa ukutani: mapato ya mwezi, gharama ya karatasi, wino, umeme, mishahara, riba ya benki, kodi, na chini kabisa faida iliyobaki. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaandika pembeni mshahara wake mwenyewe. Chumba kizima kilinyamaza. Halafu mama mmoja wa kitengo cha kujalidi, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza mkutanoni, akanyoosha mkono: "Hapo kwenye karatasi, zile tunazozitupa ziko ndani?" Bosi akaangalia, akamwangalia mhasibu, akasema, "Sijui. Tutafute."

Mkuu, kwa maoni yangu kampuni yetu ilianza kuwa yetu kwenye yale maneno mawili.

Mwezi mzima tulipima kwenye mizani karatasi zilizotupwa, kila mashine na yake. Alhamisi iliyofuata tukaona mashine moja peke yake inatupa karibu sawa na nyingine tatu. Ilikuwa ninayoiendesha mimi. Nikakumbuka ile roli ya zamani, na koo likanikauka. Nikasimama nikaeleza: si uzembe, roli mbili zimekwisha, na kila ukianza kazi mpya unapoteza mamia ya karatasi ukisubiri rangi zitulie. Roli zikabadilishwa wiki ileile. Mwezi uliofuata tofauti ilionekana pale ukutani, kila mtu akiiona. Ilikuwa mara yangu ya kwanza katika kazi kuona neno langu limekuwa namba.

Njia hii ya kuonyesha hesabu hakuibuni bosi wetu. Mwaka 1983 Jack Stack na wenzake 12 walinunua kiwanda cha kukarabati injini huko Springfield, jimbo la Missouri, kwa deni lililokuwa mara 89 ya mtaji wao. Kosa dogo lingewazika. Wakaamua kumfundisha kila mfanyakazi kusoma hesabu za kampuni, mpaka wa benchi la mwisho, na kiwanda kikapona.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi. John Spedan Lewis wa Uingereza, akiwa kijana kwenye maduka ya baba yake, aligundua kwamba yeye, baba na mdogo wake wanachukua fedha nyingi kuliko mishahara ya wafanyakazi wote ikijumlishwa. Lilimkera. Mwaka 1929 akaanza kuihamishia biashara kwenye amana ya wafanyakazi, yaani mfuko unaomiliki kampuni kwa niaba yao, na mwaka 1950 akakamilisha. Wengi husimulia hapo tu. Lakini tangu 1918, miaka 11 kabla ya amana, alikuwa ameanzisha gazeti la ndani ambamo mfanyakazi anaandika malalamiko bila kutaja jina, na mkubwa anayehusika anajibu hadharani. Sauti ilitangulia, umiliki ukafuata.

Kwetu ilichukua mwaka na nusu wa Alhamisi hizo kabla ya hisa. Tulianza na mgao wa faida tu, kila robo mwaka. Kisha ukaundwa mfuko wa amana kwa niaba ya wafanyakazi wote, na mfuko ukawa unamlipa mwenye kampuni kidogo kidogo kutokana na faida. Sisi hatukutoa hata senti mfukoni. Uingereza tangu 2014 sheria inatoa nafuu ya kodi kwa anayeuza kampuni kwa amana ya namna hii. Kwenye nchi yako, muulize wakili kabla hujatangaza lolote, kwa sababu ukitangaza halafu ukarudi nyuma utakuwa umeharibu kuliko usingesema.

Nisikudanganye kwamba mambo yamekuwa laini. Mwaka wa tatu tulipoteza mteja aliyetupa karibu theluthi ya kazi zetu. Ama watu wanane waondoke, ama wote tupunguze saa na mishahara, na viongozi wakatwe zaidi. Tulibishana mpaka giza likaingia. Vijana walisema wao ndio wenye mikopo ya nyumba, wazee wakasema wao ndio walioijenga kampuni. Tukapiga kura, tukapunguza saa kwa miezi mitano. Wawili waliondoka kwa hasira, na sikuwalaumu. Wengine tulibaki, na hakuna aliyebaki kwa sababu ya hisa, maana wakati ule hazikuwa na thamani ya kuringia. Tulibaki kwa sababu namba tulizokatiwa mishahara tulikuwa tunazijua kabla ya bosi kufungua mdomo.

Yupo pia mmoja aliyeanza kuchelewa na kujibu watu hovyo, akisema huwezi kumfukuza mwenye mali kwenye mali yake. Tulimfukuza. Hilo liandikwe mapema: hisa ni kitu kimoja, ajira ni kingine.

Na umiliki hauzuii kufilisika. Vyama vya ushirika vya Mondragon, kwa Wabaski wa Hispania, vilianza mwaka 1956 na kiwanda kidogo cha majiko, kazi ya padri José María Arizmendiarrieta na vijana watano aliowafundisha. Kutokana na kiwanda hicho ikazaliwa Fagor, kampuni kubwa ya vyombo vya umeme vya nyumbani, na mwaka 2013 ikafilisika. Wanachama walipoteza akiba walizoweka. Ila wengi walipata kazi katika vyama vingine vya shirikisho, kwa sababu mfuko wa kusaidiana ulikuwepo tangu zamani. Ningekuomba ulifikirie hilo kwa watu wako. Mfanyakazi tayari anategemea kampuni kwa mshahara. Usimfanye aitegemee hiyohiyo kwa uzee wake wote. Enron, kampuni kubwa ya nishati ya Marekani, ilipoanguka Desemba 2001, maelfu ya wafanyakazi walikuwa wamejaza hisa za Enron kwenye akiba zao za kustaafu, wakapoteza kazi na akiba kwa mpigo. Hisa ziwe juu ya mshahara wa haki na akiba ya uzeeni, zisichukue nafasi yake.

Kwa hiyo, asilimia 10 yako. Kama lengo ni kumfunga fundi asiondoke, utaweka masharti kwamba hisa zinaiva, yaani zinakuwa zake kabisa, baada ya miaka minne, na kweli atakaa miaka minne. Mwezi wa 49 ataondoka, na miaka yote hiyo atakuwa anahesabu siku. Mimi nimeihesabu, naijua. Masharti ya kuiva hayana ubaya, hata sisi tunayo, lakini hayazai uaminifu.

Ningekuwa wewe ningeanza na hesabu. Kila mwezi, siku ileile, mbele ya wote, akiwemo mlinzi na anayefagia. Miezi mitatu ya mwanzo watanyamaza, wengine watadhani ni mtego, usikate tamaa. Mgao wa faida ufuate, kwa kanuni ambayo mtu anaweza kuikokotoa mwenyewe. Hisa zije mwisho, na zikija ziwe za wote kwa mshahara na miaka ya kazi, kwa sababu ukichagua mafundi watano wa kupewa umeshawaambia 25 waliobaki wao ni nani. Na kwenye mkataba andika kwa lugha ya kawaida: kampuni ikiuzwa nani analipwa kwanza, mtu akiondoka nani atanunua hisa zake, kwa bei iliyopangwa na mthamini gani wa nje, na ndani ya muda gani. Fedha ya kuwanunulia wanaoondoka uanze kuitenga mapema. Hisa za kampuni ndogo hazina soko, na wakistaafu wanne mwaka mmoja utashangaa.

Jambo moja hukuligusa kwenye maelezo yako: hao watatu walioondoka, uliwauliza kwa nini? Wapigie, hata leo. Usiwaombe warudi, waulize tu walisema nini mara mbili na mara ya tatu wakaacha. Ukishapata majibu yao andika hapa, na ukitaka ile karatasi ya ukutani tunayotumia Alhamisi, nitakutengenezea nakala isiyo na namba zetu, ujaze zako.