Kabla Hujaandika "had", Uliza Ilitangulia Nini

Vijana wa hapa Kisumu huniletea barua za kuomba kazi niwapitishie jicho, na sentensi hii haikosekani: "I had worked in a hotel in Milimani for three years." Nikimuuliza mwenyewe aliacha kazi lini, anashangaa. Hajaacha, jana tu alikuwa zamu ya usiku! Lakini meneja atakayeisoma ataelewa kwamba kazi ile iliisha zamani, na atangoja kuambiwa kilichofuata. Aliyeanza na bado yupo aandike "I have worked".

"Had" lazima iwe na kitu cha zamani ilichokitangulia: tendo jingine, au muda fulani. "When we got to Kondele, the matatu had left." Tulipofika Kondele, matatu ilikuwa imeondoka. Kiswahili chetu kina mpangilio uo huo, kwa hivyo utumie. Mdomo ukikuletea "ilikuwa imeondoka" au "alikuwa amelala", mahali pa "had" ni hapo. Ukikuletea "imeondoka" peke yake, jaribu "has".

Jaribu, nasema, kwa sababu wengi wetu husema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza sanifu hakikubali "I have seen her yesterday". Ukishataja jana, wiki iliyopita au mwaka 2019, andika tu "I saw her". Wala usikimbilie "had" ukidhani ndiyo ya wasomi. Katika insha za kujiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, nakutana na aya nzima za "I had woken up, I had taken tea, I had boarded a matatu", na msomaji anabaki kungoja tukio ambalo haliji. Simulia kwa "woke", "took", "boarded". Hadithi inaporudi nyuma, hapo ndipo "had" inaingia.

Pale penye "after" au "before", mfuatano uko wazi, kwa hivyo "she left after she ate" inatosha.

Jozi hii nawapa wote waikariri: "This is the first time I have seen the lake" na "It was the first time I had seen the lake". "Is" huandamana na "have", "was" na "had".

Sasa chukua barua yako, upigie mstari kila "had" inayofuatwa na kitenzi (ile ya "I had a phone" ni habari nyingine), kisha uandike pembeni tendo au muda uliokuja baadaye. Ukikosa cha kuandika, ifute, uweke "have" au wakati uliopita wa kawaida kama "woke" na "took".