Swichi ya mguu: taa inawaka, chaneli haibadiliki
Ndugu, unasema swichi yako ya mguu inawasha taa, lakini amplifaya (kikuza sauti) haibadili chaneli, yaani mpangilio wa sauti. Hapo umeunga taa kwenye waya uleule unaokwenda kwenye amplifaya. Taa nyekundu ya LED hula karibu volti 2, kwa hiyo amplifaya haioni kwamba swichi imefungwa. Mimi kosa hilo lilinila jioni nzima.

Tafuta swichi ya kukanyaga yenye pini 6, safu mbili za tatu tatu. Safu moja iwe ya amplifaya tu. Nyingine iwe ya betri ya volti 9, rezista (kipunguza mkondo) ya omu 1,500 na taa, mguu wake mrefu uelekee chanya. Safu hizo zisigusane kabisa. Taa ikiwaka kinyume, yaani kwenye chaneli usiyoitaka, hamishia waya wake pini ya mwisho ya upande wa pili wa safu hiyohiyo.

Amplifaya yenyewe usiifungue, hasa ya valvu (mirija ya kioo): hubaki na mamia ya volti hata ikizimwa. Hiyo mpelekee fundi.