Majina yanapogongana kwenye faili la mipangilio

Swali: Shikamoo fundi. Naandika programu ya mnada wa samaki hapa Deep Sea, Tanga. Mipangilio yote iko kwenye faili moja la TOML, muundo wa kuandika mipangilio kwa mistari ya jina na thamani. Vijana wawili wamenitengenezea vipande vya ziada, mmoja wa risiti, mwingine wa kutuma ujumbe kwa wavuvi. Kila mmoja kaongeza mstari unaoitwa `muda`, na sasa programu imegoma kusoma faili. Niwaambie waanze majina yao na `x_`? (Msomaji, Chumbageni)

Jibu: Marahaba. TOML hairuhusu jina moja kurudiwa ndani ya jedwali moja, yaani fungu moja la mistari, ambalo kwa kawaida huwa na kichwa chake kwenye mabano, na heri imegoma. Visomaji vingi vya JSON, muundo mwingine wa kuhifadhi data, huchukua thamani ya mwisho kimyakimya, ukaja kugundua mnada umeshapita.

Hiyo `x_` achana nayo. Watu wa intaneti walitanguliza `X-` kwenye majina ya majaribio kwa miaka mingi, hadi RFC 6648, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2012, ikashauri desturi hiyo iachwe: cha majaribio kikishapendwa, kulibadilisha jina ni kuharibu kazi za watu. Tena vijana wako wataandika `x_muda` wote wawili!

Wape jedwali lao. Watu wa lugha ya Python walifanya hivyo kwenye pyproject.toml, faili lao la mipangilio ya mradi, ambako zana za nje hukaa chini ya `tool`, kila moja kwa jina lake. Wewe weka `[ziada.risiti]` na `[ziada.ujumbe]`, kisha uandike kwenye maelezo kwamba programu yenyewe haitaweka chake chini ya `ziada`. Bila ahadi hiyo, mabano ni pambo tu. Na usizidishe ngazi, `ziada.mawasiliano.simu.ujumbe.muda` nani ataikumbuka saa kumi alfajiri boti zikiingia?

Ila mimi kinachonisumbua zaidi ni hilo `muda` lenyewe. Anayesoma `muda = 30` atajuaje ni sekunde au dakika? Andika `subiri_sekunde = 30`. Saa ndiyo mtego zaidi. Ukiandika `kufungua = 3`, karani wako anaelewa saa tatu asubuhi, kompyuta inaelewa saa tisa usiku. TOML ina aina yake ya saa, itumie, na maelezo pembeni:

`kufungua = 09:00:00  # saa tatu asubuhi`

Majina yawe Kiswahili yote au Kiingereza yote, usichanganye.

Faili lenye `muda` mbili halisomeki, kwa hiyo hapo badilisha leo. Kama yupo anayetumia kipande kimoja tu, endelea kumsomea `muda` la zamani kwa toleo moja, huku ukimwonya kwenye skrini.