IST ya familia inagusa matuta: tuinyanyue kwa spesa?

SWALI: Habari fundi. Tuna Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 2NZ. Tuko watano: mimi, mume wangu na watoto wa miaka 8, 11 na 14. Hapa Dodoma mjini haina shida, ila tukirudi kutoka Iringa na mizigo inagusa karibu kila tuta. Gereji wanatushauri tuweke spesa (vipande vya kuinua gari vinavyowekwa kwenye springi) mbele na nyuma. Tuweke? (Mama wa watatu, Dodoma)

JIBU: Salama, mama. Spesa zisubiri kwanza. Spesa huongeza urefu, haiongezi nguvu ya springi. Springi iliyochoka italala vilevile ukipakia.

Tuanze na mzigo. Japani, uzito wa jumla wa gari kama hili huandikwa kwa kuhesabu kilo 55 kwa kila abiria, yaani kilo 275 kwa watu watano. Tuseme ninyi wazazi mna kilo 150 na watoto 110: jumla 260. Ongeza gunia la viazi la kilo 100, mmeshavuka kwa kilo 85. Gari halivunjiki kwa hilo, lakini gunia hilo limekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo springi za nyuma zinabeba zaidi ya uzito wake, huku matairi ya mbele yakipunguziwa. Ndiyo maana stelingi inakuwa nyepesi. Ligaweni kwenye viroba, mvilaze chini kabisa, vikiegemea mgongo wa kiti cha nyuma. Keria ya juu si dawa: springi ni zilezile, na gari litayumba zaidi kwenye kona.

Sasa pima. Egesha gari tupu mahali tambarare, chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda ulio juu yake, kwenye matairi yote manne. Kushoto na kulia vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 1.5, kuna springi iliyolala au kukatika. Linganisha pia na IST nyingine. Halafu kandamiza kila kona kwa nguvu na uachie: gari likicheza zaidi ya mara moja au mbili, au shokapu ikiwa imelowa oili, shokapu hiyo imekufa.

Kabla hujalipa chochote, fundi achungulie chini aone alama za kukwaruza ziko wapi. Mara nyingi kinachogusa ni bomba la ekzosi, kwa sababu mipira inayolining'iniza imelegea au kukatika. Hiyo ni kazi ndogo sana.

Na spesa zenyewe? Mbele, zinabadili pembe ya shafti zinazozungusha magurudumu na pembe ya boljointi (kiungo kinachoshika gurudumu). Mipira inayofunika jointi za shafti hupasuka mapema, grisi inatoka, mchanga unaingia, na utaanza kusikia "ka-ka-ka" ukikata kona. Nyuma hakuna shafti kwenye IST isiyo ya 4WD, kwa hiyo madhara ni machache. Lakini shokapu inabaki na urefu uleule, na tairi likidumbukia shimoni shokapu inafika mwisho na kugonga. Fundi akisisitiza, nisingeruhusu zaidi ya sentimita 2, nyuma tu, na springi zikiwa nzima.

Ningefanya hivi: springi mbili za nyuma kwa pamoja, za modeli hiyohiyo, na shokapu zake mbili kama zimekufa. Usibadilishe upande mmoja. Mbele kukifunguliwa, alaimenti (kupanga pembe za matairi) ifanyike.

Kwenye tuta, mume wako aachie breki kabla matairi ya mbele hayajaligusa. Akilipanda huku amekanyaga breki, pua ya gari inainama na kushuka sentimita kadhaa. Tuta lililoinuka sana na jembamba alipite kimshazari polepole, tairi moja baada ya jingine, akihakikisha hakuna gari linalokuja.

Upepo wa matairi fuata stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. kPa 220 ni kama psi 32. Na usiku mkiwa mmepakia, shusheni taa kwa kile kiduara cha kuzungusha kwenye dashibodi, kwa sababu nyuma ikilala, taa zinawapiga machoni wanaokuja.