Ukitaka kuifuata njia ya misafara hadi Nyasa, anza kwa kumchagua kiongozi

Siku hizi matangazo ya safari za pamoja za "kufuata njia ya kale ya misafara" kutoka pwani yetu ya kusini hadi Ziwa Nyasa yamekuwa mengi, nami nimefurahi. Kwa miaka mingi ukitaja utalii watu waliwaza Serengeti na Zanzibar tu, sisi wa Mtwara na Lindi tukabaki kuwa watu wa korosho. Nimeshasafiri na kundi lenye kiongozi hodari, na nimeshasafiri na kundi lenye gari zuri. Bora kiongozi. Kosta isiyo na kiyoyozi utaisahau ukishaingiza miguu kwenye maji ya ziwa pale Mbamba Bay, mwisho wa safari, lakini kiongozi asiyejua kitu anakufanya ukae kwenye kiti kwa zaidi ya kilomita 800 ukihesabu mikorosho.

Kwa hiyo kabla hujatuma hela ya kianzio, mpigie simu mtu mwenyewe atakayewaongoza. Usiongee na anayepokea malipo. Mwulize hivi: misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19 iliyotoka Nyasa ilishukia wapi pale Kilwa? Akikujibu Kisiwani, mshukuru na utafute mwingine. Kisiwani ni mji wa enzi za dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji ya leo, mji aliofika msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, wenye Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, ambao Wareno waliuvamia mwaka 1505. Misafara ya Wayao ilishukia Kilwa Kivinje, huku bara. Anayechanganya miji hiyo miwili atakuchanganyia na mengine yote yanayofuata.

Swali la pili: kwa nini tunapita Lindi na Masasi, hatupiti Liwale? Mkweli atakwambia kwamba njia ya Kivinje ilikata porini kuelekea magharibi, na kwamba barabara ya Nangurukuru kwenda Liwale si ya kuipeleka Kosta iliyojaa watu wakati wa mvua. Sisi tunafuata matawi ya Lindi na Mikindani, nayo yalikuwa njia za misafara kwelikweli, na leo yana lami: Mingoyo, Mtama, Ndanda, Masasi, Tunduru, Songea, Mbinga, mpaka ziwani. Hakuna aibu kulisema hilo. Anayekuahidi kwamba mtakanyaga palepale walipokanyaga wapagazi anauza maneno. Mwombe pia leseni yake ya kuongoza watalii, aipige picha akutumie. Mwenye nayo hakasiriki.

Lakini sababu kubwa ya kumtaka kiongozi anayejua ni nyingine. Hadithi hii ina watu wetu pande zote mbili. Kwenye basi moja anakaa mjukuu wa aliyeuza, nyuma yake mjukuu wa aliyeuzwa, na pengine mtu mmoja ni mjukuu wa wote wawili. Kiongozi mwoga husema "Waarabu walikuja wakachukua watu", akamaliza, akafungulia redio. Wa kwetu hakufanya hivyo. Pale Masasi alituketisha chini ya mwamba, jua limeanza kulegea, akatueleza jinsi Wayao walivyokuwa wafanyabiashara wa masafa marefu kabla ya wengi: pembe, tumbaku na watu vinashuka pwani, vitambaa vya marekani na kaniki, shanga na baruti vinapanda bara. Akatueleza kwamba mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alipotia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini, biashara haikufa. Watu wakaanza kupelekwa kwa miguu kandokando ya pwani kutoka Kilwa kwenda kaskazini, hadi mwaka 1876 alipopiga marufuku na misafara ya nchi kavu. Mwaka huohuo Askofu Steere, mmisionari Mwingereza, alishuka Lindi na kundi la watumwa waliokombolewa, nia ikiwa kuwafikisha karibu na Nyasa walikotoka, wakaishia kuweka makazi hapohapo Masasi. Miaka sita baadaye Wangoni wakawavamia.

Bibi mmoja wa Newala aliyekuwa amejifunga kanga mbili akasema, "Mwanangu, sema na jina la Machemba. Usituruke." Kiongozi akasema. Machemba, mkuu wa Kiyao pale uwandani kwa Wamakonde, mwaka 1890 aliwaandikia Wajerumani barua kwa Kiswahili akikataa kuwa chini yao, na huyohuyo alikuwa mfanyabiashara ambaye watu walikuwa miongoni mwa bidhaa zake. Hali ni hiyohiyo kwa Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa na Wajerumani Kilwa Kivinje mwaka 1895: shujaa wa kupinga wakoloni na tajiri wa misafara, mtu mmoja. Kijana wa kutoka Dar akataka aambiwe basi tuwahesabu kundi gani. Kiongozi hakumjibu, alimtazama bibi, na bibi akaanza kugawa korosho. Mazungumzo yaliendelea hadi gesti, hadi usiku, na ndiyo niliyolipia hela yangu.

Baada ya kiongozi, tazama kundi. Hapa mfano mzuri uko Mikindani kwenyewe. Machi 1866 Livingstone alishuka pale kuanza safari yake ya mwisho, akiwa na askari wa Kihindi, vijana waliosomea misheni huko India, wapagazi wa Nzwani kutoka Komoro na Wayao wachache akiwemo Chuma. Akaongeza ngamia, nyati, baghala na punda. Watu hawa hawakuwa na lugha moja wala sababu moja ya kwenda. Wanyama walikufa, askari wakagoma na kurudishwa pwani, na wa Nzwani wakamkimbia karibu na Nyasa, wakafika Zanzibar na kutangaza kwamba ameuawa. Ikabidi msafara mwingine utumwe mwaka 1867 kuthibitisha kwamba ni uongo. Chuma alibaki naye mpaka mwisho, na Livingstone alipofariki mwaka 1873 alikuwa miongoni mwa walioubeba mwili hadi pwani.

Sasa wewe angalia kundi lako la WhatsApp. Kama nusu wanauliza mahali pa kupiga picha na nusu wanauliza mtafika saa ngapi, mtagombana kabla ya Tunduru. Watu kumi na wawili hadi kumi na watano wanatosha. Kosta ikijaa, kila kituo cha kuchimba dawa kinakula nusu saa, na anayesinzia nyuma hasikii chochote anachoeleza kiongozi. Waandaaji wanapenda kujaza viti kwa sababu gharama ya gari inagawanyika. Ni bora mkubaliane kuongeza hela kidogo kila mtu, viti vibaki wazi, mizigo ikae ndani.

Kuhusu hela, mwambie mwandaaji aandike kilichomo na kisichomo. Mafuta, dereva na malazi yake, viingilio, mashua na chakula. Neno "kila kitu kimo" halitoshi. Nimeona watu wakichangishwa tena Songea kwa ajili ya kiingilio cha Makumbusho ya Majimaji, na wengine wakabaki nje kwa hasira, wakati pale ndipo penye kumbukumbu ya viongozi wa Wangoni walionyongwa Februari 1906.

Kilwa usiichanganye na safari hii. Najua inavutia kuweka Kisiwani, Songo Mnara, Kivinje na Nyasa kwenye tangazo moja, lakini mashua ya kwenda Kisiwani hufuata maji na upepo, haifuati ratiba ya Kosta. Iendee Kilwa peke yake. Kwa njia ya ziwani anzia Mikindani, mlale Masasi, Tunduru na Songea, na msisafiri usiku. Msitu wa upande wa Tunduru ni mapito ya wanyama kati ya hifadhi za Selous na Niassa ya Msumbiji. Tembo akivuka barabara, nyinyi ndio mnaosubiri.

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Ukichelewa hadi Novemba utakuta minada ya korosho imepamba moto, malori barabarani na gesti za Masasi zimejaa wanunuzi, ingawa na mabibo nayo ni raha yake. Masika achana nayo. Wa kusini hatujasahau Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar, mabasi yakalala njiani.

Beba noti ndogondogo. Ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha barabarani Lindi hailipwi kwa noti ya elfu kumi asubuhi, mama wa watu atakosa chenji. Beba na tochi, dawa zako na viatu vya kufunga, kwani kule Newala kwenye ukingo wa uwanda, mkipata nafasi ya kuchepuka, utataka kusogea uone bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo, na kandambili hazifai.

Na suala la kurudi lisemeni mapema. Bei nyingi zinaishia Mbamba Bay. Wanaobaki ziwani kula samaki siku mbili tatu hawana shida, lakini mwenye kazi Jumatatu anahitaji kiti cha basi la kutoka Songea, na kiti hicho hukatwa mkiwa bado mnapita Songea kwenda, siyo mkirudi.