Kuuza leso mtandaoni: picha na majibu kwanza, tangazo baadaye

Dada yangu, umeuliza kwa nini matangazo uliyoyalipia Facebook na Instagram kwa miezi mitatu yamekuletea watu wengi wa kusifu picha na wanunuzi wachache. Ninauza leso, yaani kanga, kwa simu kutoka hapa Mombasa tangu 2018, na njia hiyo nimeipita. Simamisha matangazo kwa muda, uzitazame upya picha zako na namna unavyowajibu waliokwisha kukuuliza, kwa sababu fedha ya tangazo humfikisha mtu mlangoni tu. Kuingia na kununua kunatokana na atakachokikuta.

Kwenye picha ndipo nilipoumia zaidi. Nilikuwa nikichukua mzigo kwa bei ya jumla Biashara Street, kisha nikizipiga picha leso zikiwa zimekunjwa mezani, usiku, chini ya taa. Mama mmoja wa Kisauni alipendezwa na nyekundu, akalipa, akampelekea mavyaa wake, mama wa mumewe, zawadi bila kuifunua. Ilipokunjuliwa mbele ya wageni, jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye leso, likasomeka "Hasidi hana sababu". Mvaaji leso yeyote anajua maneno hayo yana uzito gani yakitoka kwa mkaza mwana. Nilimrudishia fedha zake zote na kumpelekea doti nyingine, yaani jozi ya leso, yenye maneno ya dua, lakini aibu aliyoipata sikuweza kuifidia, na mpaka leo inaniuma.

Tangu siku hiyo naitandaza leso nzima asubuhi karibu na dirisha, pindo lionekane pande zote, mji, yaani sehemu ya katikati, uonekane, na jina lisomeke bila mtu kulazimika kuivuta picha. Chini yake naliandika jina lilelile, bei ya doti, na kama imeshapindwa au bado ipelekwe kwa fundi. Kuliandika jina kulinifaa kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa wateja walianza kuulizana leso kwa majina, na sasa napokea ujumbe wa mtu asiyewahi kununua kwangu akiuliza kama ile ya "Wema hauozi" ingalipo. Bei nayo usiifiche kwa kumwambia mtu aje faraghani. Wengi huona haya kuuliza, wakapita.

Kuhusu majibu, wateja wangu huandika baada ya sala ya isha, watoto wakiwa wamelala, na anayejibiwa kesho yake mchana mara nyingi ameshanunua kwingine. WhatsApp Business inakuruhusu kupanga bidhaa zako katika orodha na kuandaa majibu ya maswali yanayojirudia, basi itumie. Fahamu pia kwamba ujumbe unaoutuma kwa kundi la wapokeaji kwa mkupuo humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako, kwa hiyo kila anayelipa mwombe aihifadhi, naye akubali mwenyewe kupokea habari za mzigo mpya.

Utakaporudi kwenye matangazo, yawekee mipaka ya mahali. Tangazo langu la kwanza lilienda nchi nzima, wakaniuliza watu ambao gharama ya kuwatumia kifurushi ilikaribia bei ya leso yenyewe. Nililipa shilingi 3,000, nikauza doti nne zenye faida ya shilingi 250 kila moja, hesabu unaiona. Siku hizi naishia Mtwapa upande wa kaskazini na Ukunda upande wa kusini, na kila mteja mpya namuuliza amenipata wapi, nikaandika daftarini. Gharama ya tangazo igawanye kwa idadi ya waliolipa, wala usiwahesabu waliosifu picha. Ikizidi faida ya doti moja, bado hakuna la kuongezea fedha, isipokuwa daftari likuonyeshe kwamba wanunuzi hao hurudi.

Kwa mauzo ya Idi, anza kuonyesha mzigo tangu Shaaban, maana katika kumi la mwisho la Ramadhani mafundi wa kupinda huwa wamezidiwa na kazi, na leso ikimfikia mteja baada ya Idi hataki kukusikiliza.

Ipo doti uliyoitangaza sana ikakataa kutoka? Nitumie picha yake pamoja na maneno uliyoyaandika chini yake, tuitazame pamoja.